Hodi Isiyojibiwa: Waajiri na Haki za Mwombaji Kazi

  



Darsa la toleo hili lilianzia kwenye bahasha. Mwaka jana, wakati wa likizo ndefu, niliitwa kwenye usaili katika kiwanda kimoja mjini Jinja. Jina la kiwanda halitatusaidia kitu, basi tuliache. Ujumbe wa simu ulisema nifike saa nne asubuhi nikiwa na vyeti halisi pamoja na vivuli vyake. Nilisali Alfajiri hapa Mbale, nikapanda takisi ya kwanza iliyojaa, kwa nauli ya kukopa, tukashika barabara ya Tirinyi hadi Nakalama, kisha Iganga, kisha Jinja. Saa nne kasorobo nilikuwa getini. Nikakuta vijana wenzangu kama thelathini wamesimama juani, kila mmoja na bahasha yake ya kaki.

Askari alikusanya bahasha zote, akazirundika juu ya meza kibandani kwake, akatuambia tusubiri. Hakuna aliyetuambia tunamsubiri nani. Adhuhuri ilipoingia tulisali watano kando ya ukuta wa nje, kwa zamu, tukihofia majina yasije yakaitwa. Saa tisa akatoka karani mmoja, akasema meneja ameitwa Kampala, rudini nyumbani, mtapigiwa simu.

Simu haikupigwa. Baada ya wiki tatu nilikuwa Jinja kwa shughuli nyingine, nikapita pale kuulizia.

"Habari ya kazi, mzee," nilimsalimu askari.

"Nzuri, kijana wangu. Karibu."

Alikuwa mtu mwema na kosa halikuwa lake. Wakati ananieleza kwamba yeye hajui lolote, niliona mezani bahasha yenye mwandiko wangu. Mgongoni mwake zimeandikwa namba za malori yaliyoingia na kutoka. Ndani, barua yangu, wasifu wangu, namba ya kitambulisho changu na namba za simu za wadhamini wangu watatu zilikuwa bado zimo. Vyeti halisi sikuwa nimeviachia mkononi, alhamdulillahi.

Nilipowasimulia wenzangu baada ya Isha msikitini, kila mmoja akawa na yake. Dada mmoja aliambiwa atafikiriwa endapo atakubali kuvua mtandio akiwa kazini. Kaka mmoja alifanyishwa kazi wiki mbili hapa hapa Mbale kwa jina la majaribio, kisha akaambiwa hakufaulu, na kesho yake akaingia mwingine kwa majaribio yale yale. Mwingine aliombwa pesa. Ustadh wetu alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali ambalo ndilo darsa lenyewe: mtu ambaye bado hujamwajiri, ana haki gani kwako?

Aliyeitwa na aliyejileta

Swali si jepesi. Fiqhi ina mlango mzima wa ijara, na humo tunasoma kwamba kazi ijulikane, ujira ujulikane, muda ujulikane. Hadithi tunazozihifadhi juu ya wafanyakazi, kama ile ya Ibn Majah inayotaka mtu alipwe kabla jasho lake halijakauka, na ile hadithi qudsi iliyomo kwa Bukhari inayomtaja mwenye kumtumikisha mtu kisha akamnyima ujira kuwa miongoni mwa watatu ambao Allah atakuwa hasimu wao Siku ya Kiyama, zote zinamhusu mtu aliyekwisha kufanya kazi. Sisi tuliosimama getini hatukuwa na mkataba wowote. Hakuna kadhi ambaye angetuandikia hata senti moja ya mshahara.

Lakini dini yetu haikuanzia kwenye mkataba. Tazama Suratun Nur, aya ya 27 na ya 28. Tunaamrishwa tusiingie nyumba za watu mpaka tuombe idhini na kutoa salamu, na tukiambiwa turudi, basi turudi, na hilo ni safi zaidi kwetu. Mwenye nyumba amepewa ruhusa kamili ya kukataa. Hadaiwi hata sababu. Na mgeni ametakiwa aondoke bila kinyongo. Mwombaji kazi anayeona kwamba kukataliwa ni kudhulumiwa, tayari ameshapotea njia. Nafasi ni mbili, waombaji ni mia nne, na mia tatu tisini na nane lazima warudi.

Mtu anaweza kunijibu kwamba hata kimya kimetajwa: Mtume (S.A.W.) alifundisha kwamba mwenye kubisha hodi mara tatu asipate idhini, na aondoke. Ni kweli. Anayepeleka barua kiwandani bila kuitwa, asijibiwe, na aende zake. Lakini mimi sikujileta. Niliitwa kwa jina langu, siku yangu na saa yangu. Mtu aliyemwalika mgeni kisha akamwacha mlangoni kutwa nzima hana hoja katika hadithi hiyo.

Na hata kwa barua isiyoitwa, kuna kauli moja ambayo napenda kila ofisa utumishi Mwislamu aifahamu. Imamu Bukhari katika kitabu chake cha Al-Adab al-Mufrad amepokea kutoka kwa Ibn Abbas (R.A.) kwamba aliona kujibu barua ni haki, kama ilivyo haki kurudisha salamu. Na hukumu ya kurudisha salamu tunaijua sote kutoka Suratun Nisaa, aya ya 86: tunaposalimiwa tujibu kwa iliyo bora zaidi, au angalau kwa mfano wake.

Wenye makampuni wana utetezi wao na tuusikilize. Ofisi ndogo yenye karani mmoja ikipokea barua mia nne haiwezi kumwandikia kila mtu ukurasa. Ndiyo maana matangazo mengi ya kazi hapa Uganda huandika chini kwamba watakaotafutwa ni waliochaguliwa tu. Kwa maoni yangu sentensi hiyo, ikiwekewa na tarehe, inatosha. Mwombaji ameambiwa mapema kwamba ikipita siku fulani bila simu, jibu ni hapana, na Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba Waislamu wanashikamana na masharti yao. Ila bila tarehe ni mtego: kijana anabaki miezi akilinda namba yake ya simu isizime, anakataa kibarua cha siku tatu Iganga kwa kuhofia ataitwa Jinja. Na kwa wale thelathini waliosimama getini, sentensi ya chini ya tangazo haisaidii kitu. Ujumbe mmoja wa simu kwa watu thelathini haumalizi hata dakika tano.

Kijana aliyeketi kivulini Madyan

Kisa kinachoonyesha kuajiri kulivyo kimo katika Suratul Qasas, kuanzia aya ya 22. Tunakisoma mara nyingi kama kisa cha ndoa. Safari hii tukisome kama kisa cha kazi.

Nabii Musa (A.S.) amekimbia Misri, hana kitu, hana mtu. Anafika kwenye maji ya Madyan, anawakuta wachungaji wanagombea, na wanawake wawili wamesimama kando wakizuia wanyama wao. Anawanyweshea. Kisha anarudi kivulini na kumwambia Mola wake kwamba yeye ni mhitaji wa kheri yoyote atakayoteremshiwa. Hiyo ndiyo hali ya mtafuta kazi, na hakuna aibu ndani yake. Mtume wa Allah aliipitia.

Kwanza: mmoja wa wale wanawake anarudi kwa haya, anamwambia baba yake anamwita amlipe ujira wa kuwanyweshea. Angalia hapo. Hakuna mkataba uliofungwa kisimani. Musa hakuomba malipo. Lakini mzee yule hakusema, "ilikuwa msaada tu," wala hakusema, "tulikuwa tunamjaribu." Kazi imefanyika, manufaa yamepatikana, basi aliyeifanya aitwe alipwe. Kaka yetu wa zile wiki mbili alipanga mifuko kama wengine na mifuko ile ikauzwa. Majaribio ya saa moja ya kupima kama fundi anajua kuchomea chuma ni usaili. Majaribio ya wiki mbili yanayoingia kwenye lori na kwenda sokoni ni kazi, na asiyeilipia anaingia katika ile hadithi qudsi bila shaka yoyote.

Pili: binti anapendekeza Musa aajiriwe, na anataja sifa mbili, nguvu na uaminifu. Zote mbili alikuwa amezishuhudia kwa macho, nguvu kisimani na uaminifu njiani. Hakutaja kabila lake. Hakuuliza ni mtoto wa nani. Ibn Taymiyya, katika As-Siyasa ash-Shar'iyya, amezijengea hoja sifa hizi mbili kuwa ndizo nguzo za kumpa mtu jukumu lolote, na ameanzia kwenye aya ya 58 ya Suratun Nisaa, inayoamrisha amana zifikishwe kwa wanaostahiki. Nafasi ya kazi kwake ni amana. Anayempa mpwa wake nafasi na kumwacha aliye bora amefanya khiyana, hata kama hakupokea shilingi.

Tatu, na hapa ndipo waajiri wetu wengi wanapoanguka: mzee anataja masharti yote kabla ya kukubaliana. Miaka minane. Ikitimia kumi, hiyo ni hiari yako. Sitaki kukutaabisha. Musa naye anajibu kwa uwazi, muda wowote kati ya hiyo miwili nitakaoutimiza nisidhulumiwe, na Allah ni shahidi wa tunayoyasema. (Wanavyuoni wametofautiana kama mzee huyo alikuwa Nabii Shuaib, Qur'an haikumtaja jina, na kwa darsa letu si lazima.)

Linganisha na usaili wa siku hizi. Kijana anaulizwa anataka mshahara kiasi gani. Akitaja kidogo anaonekana hajiamini, akitaja kikubwa anaonekana mroho, na aliye upande wa pili wa meza amefunika karatasi yenye tarakimu kwa kiganja. Kwetu Uganda jambo hili ni zito kuliko kwa wenzetu, kwa sababu kima cha chini cha mshahara kilichopo kisheria ni kile cha mwaka 1984, shilingi 6,000 kwa mwezi. Hiyo leo hainunui hata mlo wa siku moja kwa familia. Mwaka 2019 Bunge lilipitisha muswada wa kuweka utaratibu mpya na Rais hakuutia saini. Kwa hiyo anayeingia kazini bila kujua ujira wake hana sakafu ya kuangukia.

Wazee wa Jinja wanayajua haya tangu zamani. Bwawa la Owen Falls lilipofunguliwa mwaka 1954, umeme uliita viwanda: nguo, chuma, kuyeyusha shaba iliyotoka Kilembe. Kakira ilikuwa na sukari yake kabla ya hapo. Mji ukawa wa watu wanaosubiri getini. Baada ya mwaka 1972, Waasia walipofukuzwa, mageti mengi yalifungwa, na yalipofunguliwa tena foleni ilikuwa ndefu zaidi. Mbale nayo tangu mwaka 2018 ina eneo la viwanda la wawekezaji wa Kichina, na sasa ndugu zetu wa Bugisu na Bukedi wana foleni yao karibu na nyumbani.

Namna ya kusema hapana

Abu Dharr (R.A.) alimwomba Mtume (S.A.W.) ampe wadhifa. Katika mapokezi ya Muslim, Mtume (S.A.W.) alimgonga begani kwa mkono wake, akamwambia kwamba yeye ni dhaifu, na kwamba wadhifa huo ni amana, na Siku ya Kiyama ni hizaya na majuto ila kwa aliyeuchukua kwa haki yake. Aliyekuwa anaambiwa hivyo ni mmoja wa masahaba wa mwanzo kabisa, mkweli asiye na mfano. Alijibiwa usoni, siku ile ile, akapewa sababu iliyomhusu yeye na kazi yenyewe, na mkono ulikuwa begani mwake. Hakuzungushwa. Na hakutoka pale akiwa amevunjiwa heshima. Sijawahi kusoma barua ya kukataliwa kazi iliyoshinda hiyo.

Jina, mtandio na siku ya Ijumaa

Wazazi wetu katika nchi hii walikuta shule nyingi ni za wamisheni. Wapo watoto wa Kiislamu waliobadilishwa majina ili wapate dawati, na wapo waliobaki na majina yao na kukosa dawati, wakaishia kwenye bucha, udereva na biashara ndogo. Hiyo ni sehemu ya sababu chuo kikuu cha Kiislamu kilianzishwa hapa Mbale mwaka 1988. Kwa hiyo mhitimu wetu anapohisi kwamba jina lake limemtoa kwenye orodha, hisia hiyo ina historia. Wakati mwingine si kweli, tuseme ukweli. Wakati mwingine alama zake tu zilikuwa chini.

Ila jambo hili limepimwa. Mwaka 2010 ulichapishwa utafiti wa Claire Adida, David Laitin na Marie-Anne Valfort uliofanyika Ufaransa. Walituma maombi ya kazi ya wanawake wawili wa kubuni, wote wenye jina la ukoo Diouf la Senegali, elimu yao inalingana na uzoefu wao unalingana. Mmoja akaitwa Marie, mwingine Khadija, na kwenye wasifu kila mmoja ana alama ya dini yake. Marie aliitwa usaili mara mbili na nusu zaidi ya Khadija.

Kuhusu mtandio, kuna kesi ya Marekani ambayo dada zetu waijue. Mwaka 2008 Samantha Elauf, binti wa Kiislamu wa Tulsa, aliomba kazi katika duka la nguo la Abercrombie. Aliyemsaili alimwona anafaa. Mkubwa wa juu akasema kitambaa cha kichwani kinapingana na utaratibu wa mavazi ya wauzaji, akakosa kazi. Kampuni ilijitetea kwamba binti hakusema ni cha dini. Mwaka 2015 Mahakama Kuu ya Marekani, kwa majaji 8 dhidi ya 1, ilikataa utetezi huo: mwajiri haruhusiwi kumkataa mwombaji ili tu akwepe kumpa nafasi ya kufuata dini yake, hata kama alikuwa anashuku tu bila kuwa na hakika.

Hapa kwetu, Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inakataza ubaguzi katika ajira kwa misingi ya dini, jinsia, rangi, asili, maoni ya siasa, ulemavu na hali ya virusi vya UKIMWI. Ipo pia Tume ya Fursa Sawa, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2007, na inapokea malalamiko ya aina hii. Dada aliyeambiwa avue mtandio ana mahali pa kwenda. Kabla ya hapo, ushauri wangu kwake ulikuwa aandike tarehe, jina la aliyemsaili na maneno yaliyosemwa, siku ile ile, kwa sababu kumbukumbu ya mwezi wa tatu hubishaniwa. Na jambo la Ijumaa liulizwe wazi wakati wa usaili: natoka saa ngapi, narudi saa ngapi, dakika nilizotoka nazilipa vipi. Meneja wengi si maadui, hawajawahi kuulizwa tu. (Kama kiwanda chenyewe kinatengeneza pombe, kama kile kilichoko Njeru ng'ambo ya mto, hilo ni darsa lingine na jibu lake ni fupi.)

Upande wa pili wa mizani tusiuache. Mtume (S.A.W.) na Abu Bakr (R.A.) walipohama Makka walimwajiri mtu wa kuwaonyesha njia, Abdullah bin Urayqit, naye alikuwa bado katika dini ya Makureshi. Walimkabidhi ngamia wao na kumwahidi wakutane pangoni Thawr baada ya siku tatu. Walimwajiri kwa sababu alikuwa bingwa wa njia na walimwamini. Mwislamu mwenye duka la vifaa Mbale anayetupa barua ya Mkristo kwa sababu ya jina, anatenda lile lile tunalolilalamikia Jinja.

Pesa ya getini

Kaka yetu wa mwisho aliombwa shilingi laki tano ili jina lake lipite. Aliuliza mbele yetu sote: je, siwezi kutoa, maadamu nina sifa, na mwenye dhambi akawa yule anayepokea?

Swali hili linaulizwa kila mwaka na nataka nilipe nafasi. Mtume (S.A.W.) amemlaani mtoa rushwa na mpokea rushwa, kama walivyopokea Abu Daud na Tirmidhi. Wapo wanavyuoni waliomruhusu mtu kutoa mali ili kuondoa dhulma au kuipata haki yake iliyozuiliwa, na dhambi ikabaki kwa mpokeaji. Vijana wetu huishika kauli hii kwa mikono miwili. Lakini soma sharti lake: haki yake. Cheti chako ambacho karani amekificha ni haki yako. Mshahara uliokwisha kuufanyia kazi ni haki yako. Nafasi ya kazi ambayo watu mia wameiomba bado si ya mtu. Ukitoa laki tano hujaikomboa haki yako, umenunua zamu ya mwenzio, ambaye huenda ana sifa kukuzidi na baba yake hana ng'ombe wa kuuza.

Na tusidanganyane kwa majina. Chai, shukrani, nauli ya bosi. Ibn al-Lutbiyya alipotumwa kukusanya zaka alirudi akasema hii ni yenu na hii nimezawadiwa. Mtume (S.A.W.) alipanda mimbari na kuuliza mbele ya watu kwa nini mtu huyo asingekaa nyumbani kwa baba yake au mama yake, aone kama angeletewa zawadi. Sheria ya Kupambana na Rushwa ya mwaka 2009 nayo imekusudiwa kwa sekta ya umma na ya binafsi pia.

Je, aliyekwisha kutoa na yuko kazini mwaka wa pili? Masheikh walioulizwa jambo hili katika zama zetu wengi wamejibu kwamba atubu kwa rushwa aliyoitoa, na kama ana sifa za kazi hiyo na anaitekeleza ipasavyo, mshahara wake ni malipo ya kazi yake. Kama hana sifa, jambo ni zito na akamuulize mwanachuoni uso kwa uso, si kwenye gazeti la wanafunzi.

Kaka yetu hakutoa. Hakupata kazi pia. Sasa anauza simu na vifaa vyake karibu na mnara wa saa, na hapendi tukimfanya mfano, kwa hiyo naishia hapo.

Vifungu vichache vya kuweka mfukoni

Kwa haraka, kwa atakayeitwa mwezi huu. Chini ya Sheria ya Ajira, muda wa majaribio wa mkataba hauzidi miezi sita, na kuuongeza kunataka ridhaa yako. Maelezo ya maandishi ya kazi yako unatakiwa kuyapata ndani ya wiki 12 tangu uanze. Kanuni za mwaka 2011 zinakataza kumweka mtu kibarua zaidi ya miezi minne bila mkataba. Anayedhulumiwa huanzia kwa afisa wa kazi wa wilaya. Na kuhusu bahasha yangu: Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inamfunga kila anayekusanya taarifa za watu azilinde, azitumie kwa lile alilozikusanyia, na asizishikilie zaidi ya haja. Kwa lugha ya dini ilikuwa amana tangu zamani.

Nasi waombaji tuna yetu. Wasifu ni ushahidi. Kuandika umefanya kazi mwaka mzima mahali ulipokaa wiki sita ni uongo hata kama marafiki wote wanafanya. Vivyo hivyo kudhamini mtu usiyemjua. Imepokewa kwamba Sayyidna Umar (R.A.) alimuuliza mtu aliyemsifu mwenzake: je, umewahi kuwa jirani yake, umewahi kufanya naye biashara ya pesa, umewahi kusafiri naye? Alipojibu hapana kwa yote, Umar akamwambia kwamba hamjui.

Karatasi zilizokuwa kwenye jalada letu

Nilikuwa nimekusudia kuishia hapo. Ila nilipokuwa ninaandaa darsa hili nilikumbuka kwamba mimi mwenyewe nilikuwa katibu wa kamati iliyotafuta walimu wanne wa madrasa ya likizo kwa vijiji vya pembezoni mwa Mbale. Posho yake ilikuwa ndogo, lakini ilikuwa posho, na tangazo letu lilibandikwa msikitini. Zilikuja barua kumi na tisa. Wanne tuliwapigia. Nilifungua jalada kabatini nikazikuta zile kumi na tano, zimefungwa kwa kamba ya mpira, hazijajibiwa hata moja. Mojawapo ilianza kwa salamu ndefu na kumalizia kwa dua kwa wanakamati wote.

Nilichukua siku mbili kuwaandikia, miezi minane baada ya wakati wake. Niliwaambia nafasi zilijaa, nikawaomba radhi. Wengi hawakujibu na sikuwatarajia. Dada mmoja, sasa yuko mwaka wa pili, alijibu usiku ule ule. Aliitikia salamu, akasema amesamehe, akauliza kama kivuli cha cheti chake bado kipo, kwa sababu kimethibitishwa kwa muhuri wa wakili na hakuwa na pesa ya kugongesha kingine. Kilikuwepo. Nilimpelekea asubuhi, kabla ya kipindi cha kwanza.